Safu ya Lugha: Nolina si nyasi
Anayetafsiri habari za majangwa ya Arizona na Mexico hushawishika kuuita mmea wa nolina “nyasi za dubu”, akifuata Kiingereza neno kwa neno. Asifanye hivyo. Majani yake ni membamba na marefu kama ya nyasi, lakini ukiyapitishia kidole utahisi vijimeno kingoni, na nchani yamechanika nyuzinyuzi. Mmea wenyewe ni wa familia moja na mkonge. Jina lake, la mwaka 1803, lilimuenzi Nolin, Mfaransa aliyeandika kuhusu kilimo.

Watasema lugha si botania: mianzi na miwa ni jamii ya nyasi, na hakuna anayeiita hivyo. Kweli kabisa. Ila Mswahili akisikia nyasi huwaza malisho au kuezeka, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa maua na matunda ya baadhi ya nolina huwadhuru kondoo na mbuzi. Majani yake nayo, watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa majangwa hayo, huyasukia vikapu, kazi ambayo kwetu hufanywa kwa ukindu. Tuandike nolina, na panapohitajika maelezo tuongeze: mmea wa jangwani wenye majani kama nyasi.