Mzee wa Abuku Akianguka Usiku, Nani Ataitikia?

Robo karne hivi imepita tangu Uganda ilipoanzisha mpango wa VHT mwaka 2001, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea katika kila kijiji. Mafanikio yao yakihesabiwa, chanjo na malaria hutajwa kwanza. Mzee anayeishi peke yake Abuku, wilayani Koboko, au mlemavu asiyeweza kutoka kitandani, hutajwa mwishoni kama hakusahaulika kabisa. Wapo wanaodhani dawa yake ni kifaa: kengele ya kuvaa shingoni kama zile za ng'ambo. Lakini historia ya kengele hizo inaonyesha kwamba kifaa ndicho kilichokuwa chepesi kupatikana. Kazi ilikuwa kumpata wa kuitikia.

Zilianza miaka ya 1970. Ujerumani zilibuniwa na Wilhelm Hormann. Simulizi linalojulikana zaidi ni la Andrew Dibner, mwanasaikolojia wa Boston, aliyeanzisha Lifeline mwaka 1974 na mkewe Susan. Mzee akibonyeza kitufe alichovaa, kifaa kilichounganishwa na simu ya mezani kilipiga hospitali ya karibu. Wengi huishia hapo, nami naona ndipo hadithi inapoanza. Hospitalini alikuwapo mtu mwenye maelezo ya mzee yule, maradhi yake, na majina ya jamaa na majirani waliokubali kuitwa. Aliyefika mlangoni kwanza mara nyingi hakuwa daktari bali jirani. Na mzee akikaa saa nyingi bila kugusa simu wala kitufe, kifaa kilipiga chenyewe, maana aliyezimia habonyezi kitu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni nyingine, LifeCall, ikarusha tangazo la televisheni: bibi kizee yuko sakafuni, analia kwamba ameanguka na hawezi kuinuka. Uigizaji ulikuwa wa ovyo hata Marekani nzima ikacheka. Wachekeshaji wakamwiga, maneno yake yakachapwa kwenye fulana. Kicheko kile kilikipa kitufe umaarufu, na jirani akasahaulika. Philips ilipoinunua Lifeline mwaka 2006 kwa takriban dola milioni 750, sidhani ilitaka plastiki tu. Ilinunua vituo vyenye watu wanaopokea simu usiku na mchana.

West Nile, eneo ilimo Koboko, jirani hakuwahi kusahaulika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Yowe likipigwa, watu hutoka. Kinachokosekana ni ujuzi wa yule anayetoka, na hapo VHT walianza vizuri. Mwaka 2002 dawa ya malaria iliyofungwa tayari, Homapak, iligawiwa vijijini; baadaye wahudumu wakafunzwa kutibu malaria, nimonia na kuhara. Yote hayo yalikuwa kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa haki, kwani ndio waliokuwa wakifa kwa wingi. Malale nayo imetoa ushahidi. Koboko, Arua, Maracha na Yumbe zilikuwa ngome yake, lakini kwa kipimo chepesi cha damu katika vituo vya afya na vitambaa vya buluu vyenye dawa ya kuua mbung'o kandokando ya mito, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya umma Uganda. Mgonjwa anayetafutwa kwa mpango hupatikana, hata mpakani; vivyo hivyo VHT anaweza kumtafuta mzee.

Watu watasema simu za mkononi zimekwisha kufika. Zimefika, ila simu hutaka chaji, na namba ya dharura haijui nyumba ya nani iko nyuma ya shamba la nani. Watasema pia kwamba kutunza mzee ni kazi ya familia. Ni kweli, lakini familia hiyohiyo mchana iko shambani, na vijana wake wako Arua au Juba. Hoja nzito ni ya fedha: VHT hawana mshahara, na huwezi kumwongezea mzigo mtu usiyemlipa. Sera ya mwaka 2016 ilikusudia wahudumu wanaolipwa, ikakwama kwa sababu ya gharama. Lakini barabara ya lami kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92, ilipata fedha zake, basi tusiseme West Nile haikumbukwi kamwe.

Tena kazi ya kuwafikia wazee haianzi patupu. Kila mwenye miaka 80 na zaidi anayepokea shilingi 25,000 kwa mwezi za SAGE, mpango wa serikali wa fedha za wazee, jina lake limeandikwa. Nakala ya orodha hiyo ikabidhiwe VHT wa kila kijiji, pamoja na posho ya kupita mlango kwa mlango na nauli ya bodaboda ya kumfikisha mgonjwa kituoni. Orodha hiyo itawaacha nje wenye miaka 65 hadi 79, ambao majaribio ya kwanza ya SAGE yaliwahesabu kuwa wazee, na walemavu wa umri mdogo zaidi. Hao itabidi VHT mwenyewe awaandike.