Motokaa Kuukuu na Msamaha wa Sheria

Kila sheria ya barabara ina vyombo inavyovibana na vyombo inavyovisamehe. Wengi wetu huisoma ile sehemu ya kubana tu, na ile ya kusamehe huipita mbio. Lakini ukitaka kuijua historia ya usafiri wa nchi yetu ya Kenya, msomaji, yakupasa uitazame sana sehemu hiyo ya pili. Kwani msamaha mmoja uliotolewa mwaka 1973 ndio uliozikuza hizi matatu tuzipandazo kila siku.

Tuchukue mfano wa Mutuini, katika Dagoretti, upande wa magharibi wa Nairobi. Zamani za ukoloni sehemu hizo zilihesabiwa kuwa nchi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, nje ya mipaka ya mji; ziliingizwa katika Nairobi mwaka 1963. Nyumba na mashamba ya watu yalikuwa huko, lakini kazi ya mshahara ilikuwa mjini. Kampuni ya mabasi iitwayo Kenya Bus Service, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934, ndiyo iliyopewa na baraza la mji ruhusa ya kuchukua abiria. Baada ya Uhuru watu walizidi kumiminika mjini, na mabasi hayo hayakutosha, wala hayakufika kila kijiji. Aliyekosa basi alikwenda kwa baiskeli au kwa miguu.

Haja ni mama wa werevu. Wakatokea watu wenye motokaa kuukuu, nyingi zikiwa ni magari madogo ya mizigo yaliyokwisha kutumika miaka mingi, wakaanza kuchukua abiria kwa siri. Nauli ilikuwa senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi, navyo kwa Kikikuyu huitwa mang'otore matatu. Hilo ndilo asili ya jina la matatu. Polisi waliziwinda motokaa hizo, kwa sababu hazikuwa na leseni ya kuchukua abiria. Lakini wananchi walizipenda, kwa sababu zilifika kwao.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kuchukua abiria pasipo leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi. Hakuzisamehe bima, wala hakuzisamehe sheria nyingine za barabara. Hata hivyo, leseni ndiyo iliyokuwa kama lango: mwenye kuiomba huulizwa habari za gari lake, na asiyeiomba hana wa kumwuliza. Matatu zikaongezeka upesi. Katika Nairobi zilikuwa kama 400 mwaka ule wa 1973, na kufikia mwaka 1979 zilikuwa zimepita 1,500.

Hapa yafaa tusimame kidogo tulitazame gari lenyewe. Lilipotoka kiwandani lilikuwa gari la mizigo. Fundi wa jua kali alilijengea nyuma chumba cha mabati, akatia mabao mawili ya kukalia na mlango wa nyuma, na makanga akaning'inia mlangoni. Ilikuwa kazi ya ustadi, na fundi anastahili sifa. Lakini breki, springi na ekseli zilibaki zile zile, nazo zilipimwa kiwandani kwa uzito maalumu. Gari lililojengwa juu huinua uzito wake, likawa jepesi kupinduka penye kona. Tena, uzito ukizidi nyuma ya magurudumu ya nyuma, yale ya mbele huelea, na usukani haumtii dereva kama ipasavyo. Rangi hupakwa ikameremeta, lakini wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Abiria huiona rangi; haioni breki.

Ajali zikawa nyingi na malalamiko yakazidi. Mwaka 1984 Bunge lilibadili Sheria ya Barabara, matatu zikatakiwa kuwa na leseni ya magari ya abiria na kukaguliwa. Msamaha wa 1973 ukafikia mwisho wake. Lakini desturi ya miaka kumi na mmoja haifutwi kwa siku moja. Ilibidi Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, atoe kanuni nyingine mwaka 2003, zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004: kila kiti kiwe na mkanda, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na matatu ndogo isichukue zaidi ya abiria 14. Wenye magari waligoma, na watu wengi wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu kama baba zao.

Sasa tulinganishe na nchi nyingine. Uingereza ilianza kuzikagua motokaa za watu binafsi mwaka 1960, kwanza zile zilizotimiza umri wa miaka 10. Baadaye iliona kwamba motokaa za kale kabisa ni chache, hutunzwa kama yai na hutembea kidogo. Kwa hiyo mwaka 2018 ilizisamehe ukaguzi zile zilizopita miaka 40. Lakini iliweka sharti: gari lililobadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, kama vile fremu, ekseli au injini yake, halimo katika msamaha huo. Na hata mwenye gari lililosamehewa hujibu mbele ya sheria likiwa bovu barabarani.

Waona tofauti, msomaji? Huko, gari likibadilishwa hurudishwa kwa mkaguzi. Kwetu mwaka 1973, magari yaliyobadilishwa kuliko yote, tena yenye kubeba watu wengi, ndiyo yaliyolegezewa kamba. Wala tusimlaumu aliyetoa amri ile kana kwamba haikuwa na faida. Mtu wa Mutuini alipata njia ya kwenda kazini, na vijana wengi walipata riziki. Kosa halikuwa kuwafungulia maskini njia. Kosa lilikuwa kuacha ruhusa na ukaguzi viondoke pamoja. Mtu aweza kusamehewa ada, na aweza kusamehewa kibali. Lakini breki haijui msamaha.

Basi nanyi, vijana, huenda siku moja mtakaa katika baraza au Bunge, na watu watawajia wakiomba wasamehewe sheria fulani. Wasikilizeni, maana huenda haja yao ni ya kweli. Kisha ulizeni: ni kitu gani hasa kinachosamehewa, na ni nani atakayelipa ikiwa mambo yataharibika? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika barabara zetu, ukuta huo umejengwa kwa gharama ya maisha ya watu.