Damu ya Papa na Taa: Habari za Uchunguzi Wake

Mtu yeyote aliyepita penye soko la ng'onda, Unguja au Mombasa, aijua harufu kali ya papa mkavu aliyekuwa akiletwa na majahazi ya Uarabuni kwa pepo za kaskazi. Harufu hiyo haitokani na uvundo wa kawaida wa samaki. Asili yake imo katika damu na nyama ya papa mwenyewe, na taa naye anayo. Namna asili hiyo ilivyotambuliwa ni habari ya zaidi ya miaka mia, nayo ina funzo kwa kila mwenye kazi ya kulinganisha.

Mwaka 1858 Städeler na Frerichs, wataalamu wawili wa Kijerumani, walitangaza kwamba katika viungo vya samaki hawa mna urea kwa wingi. Urea ni taka ya mwili ambayo mwanadamu huitoa kwa mkojo. Katika lita moja ya damu ya mtu mwenye afya haifiki hata nusu gramu. Katika damu ya papa au taa wa baharini hupata gramu 20 hivi. Taka hiyo kwake ni akiba. Chumvi ya damu yake ni pungufu kuliko ya bahari, na urea huliziba pengo hilo, hata maji ya mwilini yasivutwe nje. Samaki akisha kufa, vijidudu huigeuza urea kuwa amonia. Na hiyo ndiyo harufu ya ng'onda.

Aliyeieleza kazi ya urea kwa ukamilifu ni Homer W. Smith wa New York. Mwaka 1928 alifika Afrika kumchunguza kamongo wa Ziwa Victoria, ambaye naye huweka urea mwilini alalapo katika tope lililokauka. Kisha akaenda mto Perak, nchi ya Malaya, akapima damu ya papa upanga aliyeishi katika maji matamu. Akakuta urea imepungua sana, lakini haikwisha. Yafaa kukumbuka hapa kwamba Kiswahili humwita samaki huyu papa kwa umbo lake, hali wataalamu humweka katika jamii ya taa, kwa kuwa matundu ya mashavu yake yako chini ya mwili.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kanuni ni moja kwa wote. Mwaka 1967 Thorson na wenzake wakaivunja: taa wa mito ya Amazon walikuwa karibu hawana urea kabisa, na hata walipotiwa katika maji ya chumvi hawakuweza kuikusanya tena. Kumbe papa aingiaye mitoni na katika ziwa la Nicaragua huipunguza tu, akarudi nayo baharini. Basi tofauti kubwa haikuwa baina ya papa na taa, bali baina ya mgeni wa mtoni na mwenyeji wake wa tangu na tangu.

Likabaki swali moja: urea nyingi huharibu protini, mbona samaki hawa hawadhuriki? Mwaka 1979 Yancey na Somero walionyesha kwamba katika nyama yao mna dawa yake, trimethilamini oksaidi, na kipimo chake hukaribia sehemu moja kwa kila sehemu mbili za urea. Kwa hiyo kupima damu peke yake hakutoshi. Sharti nyama nayo ipimwe.

Hata hivyo vipimo vina hila. Papa aliyepigana na mshipi kwa saa nzima hujaa asidi ya lakteti katika damu, na mpimaji asiyejua habari ya kuvuliwa kwake aweza kuuita uchovu kuwa tabia ya kabila lake. Kulinganisha bila kujua kila kimoja kimetoka wapi, na katika hali gani, ni kupima kwa pishi mbili zisizolingana.