Mkaja na Ubeleko

Wahenga wetu walisema, mke ni nguo, mgomba kupalilia. Methali hii hutajwa sana harusini ili kumkumbusha mume wajibu wa kumvika mkewe. Mimi, mama wa watoto wanne niliyekwisha kuvuka miaka arobaini na mitano, naisoma kwa namna nyingine. Naona kuwa habari za mwili wa mwanamke wa pwani yetu zimo ndani ya nguo zake. Anayetaka kujua jamii ilimpima mwanamke kwa kipimo gani, na aanze na sanduku lake.

Katika karne ya 19, mjakazi wa Unguja alitambulikana kwa kaniki nyeusi au merikani aliyojifunga kwapani. Nguo ilitaja cheo chake kabla yeye hajafungua kinywa. Katika nusu ya pili ya karne hiyo wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua leso za mkono, zile zilizopewa jina na Wareno, wakaziunga sita sita kuwa nguo moja pana. Hapo ndipo ilipozaliwa leso yetu, ambayo pia huitwa kanga, kwa kufananishwa na madoa ya ndege huyo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kujitanda kanga. Lilikuwa tamko la uungwana lisilohitaji karani wala muhuri.

Jambo moja la kanga halisemwi sana: haina namba. Ina pindo, ina mji, ina jina lake, lakini haina saizi. Doti ile ile humfaa mwari aliyetoka ndani jana na bibi yake mwenye miaka sabini. Mwili ukinenepa, fundo husogea. Ukikonda, fundo husogea tena. Nguo ndiyo inayoufuata mwili.

Tena, wazee wetu waliuweka uzazi wenyewe katika hesabu ya nguo. Mwanamke akijifungua, tumbo lake lilikandwa na kufungwa kitambaa kilichoitwa mkaja. Mtoto akipata nguvu, alibebwa mgongoni kwa mbeleko. Miaka ikipita, yule mtoto akiwa binti wa kuolewa, upande wa mume uliletewa orodha ya haki za wazazi. Baba alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja na ubeleko. Fikiri kidogo, ndugu msomaji: tumbo lililolegea lilitajwa kwa jina lake mbele ya wazee wa pande mbili, na mgongo uliochoka vile vile, na hakuna aliyecheka. Kilichokuwa alama ya kuzeeka kilikuwa pia deni linalostahili kulipwa.

Sisemi kwamba zamani hakukuwa na kejeli. Zilikuwapo, na huko nitafika. Nasema tu kwamba vipimo vingine vilikuja baadaye, na kila kimoja kilidai kuwa ndicho cha haki.

Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza rasmi Januari 1, 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Jijini Dar es Salaam wasichana walivamiwa hadharani kwa sababu ya mavazi yao. Mtu anaweza kuichukia krimu ya kujichubua, kama niichukiavyo mimi, na bado akajiuliza kwa nini heshima ya taifa zima ilipakiwa juu ya mapaja ya msichana mmoja akisubiri basi. Mashindano ya urembo nayo yalizimwa katika kipindi hicho. Yaliporudi mwaka 1994, mimi nikiwa msichana wa shule, kipimo kilikuwa kimegeuka. Miguu iliyofukuzwa barabarani sasa ilipigiwa makofi jukwaani, mradi iwe mirefu na myembamba. Kati ya nyakati hizo mbili yalikuja mitumba, baada ya milango ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980. Gauni la mtumba lina namba shingoni, na namba hiyo haijui kama umezaa.

Kwa hiyo mwanamke wa umri wangu amepimwa kwa vipimo vitatu au vinne katika maisha mamoja. Siku ambazo zipu hugoma katikati ya mgongo, najikumbusha kuwa kipimo kimebadilika mara nyingi kuliko mwili wangu.

Siku hizo pia humkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akaitwa Mtumwa, akakua akiuza vyungu. Alihamia mjini mwaka 1911. Alipoanza kusifika kwa uimbaji, mahasidi walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, naye alikuwa amekaribia miaka hamsini. Santuri haina kioo. Sauti ile ikaingia katika nyumba za watu waliokuwa hawajapata kumwona, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Majina ya waliomcheka hayakumbukwi na wengi. Faraja yangu kwake si kwamba aliwashinda wabaya wake, bali kwamba kazi iliyomtambulisha aliifanya katika umri ambao mimi nilikuwa nimeanza kujihesabu kuwa nimekwisha.

Mwaka jana binti yangu mkubwa aliposwa. Katika kuandaa orodha, vijana walishauri kwamba majina ya kale yafutwe, kila kitu kiwe jumla moja ya fedha. Hoja yao ilikuwa na akili, kwani hesabu huwa nyepesi na maneno hupungua. Nikaomba mambo mawili tu yabaki yameandikwa peke yake, mkaja na ubeleko, hata kama kiasi chake ni kidogo. Mmoja akauliza kwa adabu, "Mama, tofauti ni nini, maana fedha ni zile zile?" Nikamjibu kwamba fedha ni zile zile, lakini jumla haina tumbo wala mgongo. Binti yangu aliinama, akayaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa zile fedha nilinunua doti mbili za kanga. Moja hufunga kiunoni nikipika na nikifagia uwanja. Nyingine nimeiweka, imekunjwa, haijaoshwa wala kukatwa. Inshallah atakapojifungua, itakatwa upande wa kumfunga tumbo na upande wa kumbebea mtoto. Hapo nitamweleza kuwa mwili wake hautarudi ulivyokuwa, na kwamba lugha yetu ilikwisha kuupa jina na haki yake kabla mimi na yeye hatujazaliwa.