Samaki Mmoja Akioza: Habari ya Jirani na Shule katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Wazee walisema samaki mmoja akioza huoza wote, na wewe msomaji umekwisha kulisikia neno hili mara nyingi, aghalabu kwa mzazi akukatazaye kufuatana na mwenzako fulani wa mtaani. Ni neno zuri. Lakini hebu tulitazame kama mchuuzi atazamavyo sarafu anayoitilia shaka. Mvuvi amefika pwani jioni na tenga la samaki, na wote wananuka. Je, ni kweli kwamba mmoja ndiye aliyewaharibu wenzake? Yawezekana. Walakini yawezekana pia kuwa mvuvi aliwaokota samaki waliokwisha kuchacha, akawatia katika tenga moja kwa sababu walifanana tangu mwanzo. Tena yawezekana kuwa wote walikuwa wazima, ila jua la mchana liliwapiga pamoja njiani. Pua haiwezi kuzitenga sababu hizi tatu, kwa maana harufu ni ile ile.

Swali la tenga ndilo waliloulizana wataalamu juu ya watoto wa shule. Mtoto akaaye mtaa mwema hufaulu kuliko wa mtaa duni. Je, ni jirani zake waliomfaulisha, au shule yake, au ni wazazi wake ambao kwa uwezo wao waliweza kupanga nyumba katika mtaa huo? Ukilijibu swali hili kwa haraka utawadhulumu watu wengi, na pengine utamdhulumu mwalimu aliyefanya kazi kubwa mahali ambapo matokeo hayang'ari.

Nchini Kenya hakuna mahali pafaapo kuanzia habari hii kuliko mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands. Mitaa hii haikuota yenyewe kama uyoga. Pumwani iliwekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, ili vijiji vyao vya zamani vilivyokuwa karibu na mji vivunjwe. Watu wa Pangani walivunjiwa nyumba zao mwishoni mwa miaka ya 1930, wakaelekezwa Shauri Moyo, nalo jina la mtaa huo lilitosha kueleza yaliyokuwa vifuani mwao. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Makongeni ilikuwa ya watumishi wa Reli. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ilichukua majina ya madiwani wawili Waafrika, Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952 na Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa vizuizini, na vyumba vyao vikakaliwa na watu wengine. Baadaye zikaja Jericho na Jerusalem, kisha katika miaka ya 1970 Buruburu, kwa wale walioweza kukopa fedha na kununua nyumba. Wasioweza kukopa wala kupanga nyumba ya Baraza la Jiji walijisetiri kwa mabati na mbao huko Korogocho na Viwandani.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu moja. Hapana mtaa hata mmoja kati ya hiyo ambao watu wake walikutana kwa bahati tu. Kazi iliwachagua, kipande kiliwachagua, askari waliwachagua, na mwisho mfuko wa kila mtu ukamchagua. Basi atakayelinganisha watoto wa Buruburu na watoto wa Korogocho, akasema tofauti yao imeletwa na ujirani, atakuwa amesahau kuuliza jinsi samaki walivyotiwa tenganini.

Mwaka 1993 mtaalamu wa Marekani aitwaye Charles Manski aliliweka jambo hili wazi katika makala aliyoyachapisha. Elimu yake ni ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi na ya jamii kwa hesabu. Manski aliwafananisha watu wa kundi moja na mtu aliye mbele ya kioo. Mtazamaji asiyejua kazi ya kioo huona mtu na sura vikienda pamoja. Mtu akiinua mkono, sura nayo huinua. Ni nani amfuataye mwenziwe? Kwa kutazama tu hawezi kujua. Vivyo hivyo mwanafunzi na darasa lake: yeye huwavuta wenzake nao humvuta yeye, na wote huvutwa na mwalimu mmoja, njaa moja na kelele za barabara moja. Manski alionyesha kwamba orodha ya alama, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi peke yake kuzitenganisha sababu hizo.

Dawa mojawapo ya ugonjwa huu ni kura. Ikiwa kura ndiyo iliyomweka mtoto mahali alipo, basi hatuwezi kusema kwamba mahali hapo palichaguliwa na mzazi wake. Mwaka 2005 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliijaribu dawa hii magharibi ya Kenya. Shule za msingi 121 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza, darasa likagawanywa mikondo miwili. Kwa kura, karibu nusu ya shule ziliwapanga watoto kwa uwezo, wenye alama za juu mkondo mmoja na wenye alama za chini mkondo wa pili. Katika zile nyingine kila mtoto alipangwa kwa bahati nasibu.

Wengi wetu tungelitazamia nini? Tungelisema watoto wa mkondo wa chini wataoza pamoja. Haikuwa hivyo. Baada ya miezi kumi na minane, watoto wa shule zilizogawa kwa uwezo walikuwa mbele ya wa zile nyingine, na walioanza chini walinufaika kama walioanza juu. Walakini methali haikukanushwa kabisa. Katika shule zilizochanganya, mtoto ambaye kura ilimtupa kati ya wenzake hodari alipata alama bora kidogo. Basi wenzake walimvuta kweli. Kitendawili hiki kilifumbuliwa hivi: mtoto wa mkondo wa chini alikosa msaada wa wenzake hodari, lakini alipata mwalimu aliyeweza kushuka mpaka pale alipo badala ya kuwakimbilia wachache wa mbele. Faida hii ya pili ilifidia hasara ile ya kwanza, ikazidi. (Utafiti huo huo ulionyesha kwamba walimu wa mkataba, wenye mishahara midogo, walihudhuria darasani zaidi kuliko walimu wa serikali. Neno hilo halipendezi kutajwa katika chumba cha walimu, nami nalitaja.)

Turudi Nairobi. Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ilifuta karo za shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani kote nchini. Ungedhani aliyefurahi kupita wote ni mtoto wa kibandani. Mwaka 2005 Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, chenye makao Nairobi, kilianza kuandika habari za masomo ya watoto nyumba kwa nyumba katika mitaa minne ya mji: Korogocho na Viwandani kwa upande mmoja, Harambee na Jericho kwa upande wa pili. Jambo lililoonekana lilikuwa kinyume cha mategemeo. Watoto wengi wa Jericho na Harambee walikuwa katika shule za serikali zisizo na karo, na watoto wa vibandani, karibu nusu yao, walikuwa katika shule za watu binafsi, wakilipa ada kutoka katika mifuko mitupu.

Wako waliosema kwamba maskini hufuatana kama kondoo, jirani akimpeleka mwanawe shule ya mabati nawe wampeleka wako. Mimi siikubali hukumu hiyo. Watafiti walitoa sababu iliyo wazi zaidi: shule za serikali zilizo karibu na vibanda zilikuwa chache, na zilizokuwapo zilikwisha kufurika. Hapa si samaki mmoja aliyeoza, ni jua. Mama wa Korogocho na jirani yake walifanya jambo moja kwa sababu mlango mmoja ulifungwa mbele yao wote wawili, wala si kwa kuigana. Tofauti hii ni kubwa kwa mtawala. Akidhani ni kuigana atatuma wahubiri; akijua ni uhaba atatuma waashi.

Limesalia swali ambalo najua linakuuma zaidi, nalo ni la shule za kitaifa. Tangu mwaka 1985 mpaka ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa kama ungo, ukiwapepeta watoto wa Kenya. Mwenye alama za juu aliitwa shule yenye jina kubwa, na aliyepungukiwa kidogo alikwenda kwingine, pengine shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwachukua wale waliofanya mtihani huo mwaka 2004, wakatazama matokeo yao ya kidato cha nne. Hawakuwalinganisha wote. Waliwatafuta waliosimama karibu na mstari, huyu ameupita kwa alama chache na huyu ameukosa kwa alama chache, kwa kuwa watoto hao wawili hawakutofautiana sana siku waliyoachana. Mmoja alikaa miaka minne kati ya hodari wa nchi nzima, penye maabara na vitabu. Wa pili hakukaa. Katika makala waliyoyachapisha mwaka 2014 walisema kwamba hawakuona dalili kubwa ya kuwa shule hizo tukufu zilimzidishia mtoto wa kwanza alama.

Usiyasome maneno hayo kupita yanavyosema. Utafiti huo ulipima alama za mtihani, haukupima marafiki ambao mtu huwapata bwenini na kukutana nao tena akiwa mtu mzima ofisini. Tena wahusu wale waliokuwa kando ya mstari tu. Mtoto wa Korogocho aliyepata alama mia mbili kati ya mia tano hakuufikia mstari huo kabisa, na mwenye kutaka kujua lililompata hana budi kuyarudia yale madaftari yaliyoandikwa nyumba kwa nyumba, kuanzia mwaka 2005.