Chupa tupu ya maji bado ina kazi nyumbani

Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ambayo wengi huitupa mara inapokwisha, yaweza kutumika kuua vijidudu vya kuhara bila mkaa wala dawa. Njia hiyo, ijulikanayo kama SODIS, inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO).

Huchukuliwa chupa isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isiyozidi lita 2. Hujazwa maji maangavu, hufungwa na kulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, huachwa siku 2 mfululizo. Kazi kubwa hufanywa na miale ya jua, ndiyo maana kuiweka nyuma ya kioo cha dirisha ni kupoteza muda. Tope nalo huizuia miale, hivyo maji machafu sharti yachujwe kwanza. Hapo kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa yafaa: huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu kwa takriban nusu. Wenye visima vya maji ya chumvi wajue kuwa chumvi haitoki.

Tairi kuukuu, aghalabu hupandwa maua, litobolewe chini. Maji yakituama humo huwa mazalia ya mbu waenezao dengi, ugonjwa ulioikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Ama chupa iliyotiwa dawa ya wadudu, hiyo hairudi jikoni hata ikioshwa. Wala mafuta ya taa yasihifadhiwe katika chupa ya soda, kwani watoto huyanywa wakidhani ni maji.