Gurudumu na Bega

Tukisimulia historia ya reli yetu, mara nyingi tunasimulia siku za sherehe. Tunasema Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati hapa Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Reli huishi kwa magurudumu, nayo magurudumu huisha. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua kama reli ni ya nchi fulani kweli asiishie kuuliza nani aliijenga. Aulize pia: gurudumu likiisha, nani hulibadili, na wapi?

Jina la Kariakoo lina ushahidi wake. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916, reli haikuwa ya kutegemewa, kwa kuwa Wajerumani walivunja madaraja walipokuwa wakirudi nyuma. Basi mzigo wa vita ukabebwa na binadamu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Waliobaki waliuachia mtaa jina la kambi yao. Kila nipitapo Msimbazi nikamwona mtu ameinamia mkokoteni uliojaa magunia, hukumbuka kwamba gurudumu likishindwa mzigo haupotei. Huhamia begani kwa mtu.

Kutoka Kariakoo hadi stesheni ya zamani ni mwendo mfupi, unapita Gerezani. Huko, baina ya stesheni, maghala na bandari, ndiko zilikofanya kazi injini ndogo za dizeli za kupanga mabehewa. Abiria hakuzijali kwa sababu hazikumpeleka popote. Zilivuta na kusukuma kutwa nzima kwa mwendo wa pole. Mtu angedhani mwendo wa pole hauchoshi chuma. Kumbe kona za yadi ni kali, na ukingo wa gurudumu husuguana na reli daima. Breki nazo hufungwa kila mara, na gurudumu likiteleza bila kuzunguka hulika upande mmoja likawa bapa. Kuanzia hapo injini hugonga kila gurudumu linapozunguka.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja aliyestaafu kazi ya karakana kwa nini gurudumu moja tu huwapa mafundi kazi ya siku nyingi. "Mwanangu," alinijibu, "gurudumu la treni halina upweke. Ukigusa moja umegusa yote."

Alinifafanulia. Magurudumu mawili hushindiliwa kwenye ekseli moja kwa mashine yenye nguvu ya tani nyingi, yakazunguka pamoja. Katika injini nyingi za kizamani za aina hiyo, ekseli zote zimeunganishwa kwa fito za chuma, kwa hiyo magurudumu yote lazima yawe na kipimo kimoja. Moja likichongwa, mengine nayo huchongwa. Ili kuyatoa, injini huinuliwa kwa jeki, fito na breki hufunguliwa, na magurudumu husukumwa nje na ekseli yake. Beringi mpya hupashwa moto kwenye mafuta ili itanuke, kisha huvishwa upesi kabla haijapoa. Ikipoa hujibana yenyewe. Beringi za kale zaidi zilikuwa za madini laini, zikilainishwa kwa sufi iliyolowa mafuta. Sufi ikikauka beringi hupata moto hadi ikatoa moshi, na ekseli huweza kukatika.

Sasa tazama mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika la Reli Tanzania likazaliwa. Injini na mabehewa viligawanywa, lakini karakana kuu ya iliyokuwa East African Railways ilikuwa Nairobi, na haikuweza kukatwa vipande vitatu. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari mwaka huo, haukufunguliwa hadi 1983. Tulirithi magurudumu bila kurithi karakana iliyoyahudumia. Kazi ikawaangukia mafundi wa nyumbani, na baadaye karakana ya Morogoro ikawa tegemeo la injini za dizeli.

Wala hatukuweza kuazima kwa jirani. TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina njia yenye upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ina milimita 1,000. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa kiganja, lakini yatosha kulifanya gurudumu la huku lisifae kule. Kisha mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda Morogoro na Dodoma juu ya njia ya milimita 1,435. Jiji moja, reli za vipimo vitatu.

Kariakoo utapata beringi ya baiskeli, ya mashine ya kusaga na ya lori. Magurudumu ya treni hayangoji mteja dukani. Lazima mtu ayaagize mapema, fedha zitengwe, na fundi awe amefundishwa. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya kazi hiyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana ni rahisi kuahirisha beringi mwaka huu na mwaka ujao: aliye ofisini hausikii uzito wa gunia. Anayeusikia ni yule atakayelibeba siku treni isipokuja.